Kimetoka Wapi?

Mtu akileta gunia la kakao kwa mnunuzi hapa Mbau, mnunuzi hutia mkono ndani, huvunja punje moja, huinusa, kisha hutazama kama imekauka vizuri. Hayo yote yahusu kakao yenyewe. Lakini mnunuzi mwenye akili huuliza tena neno jingine: «Imetoka shamba gani?» Tangu mwaka wa 2014, mauaji yalipowakimbiza watu wengi wa teritori ya Beni, mashamba mengi yamebaki bila wenyewe, na wako waliovuna wasipopanda. Punje ya mwizi na punje ya mwenye shamba ni sawasawa. Zina rangi moja na harufu moja. Kakao haina mdomo. Ni lazima mtu aseme kwa ajili yake, na mtu huyo awe tayari kukuongoza mpaka shambani.

Ndugu wasomaji, neno hilo la mnunuzi ndilo neno la kwanza la watu wa historia. Wakiletewa kitu cha zamani, ikiwa ni mkuki, barua, mfupa au sanamu, hawaanzi kwa kusema ni kizuri au ni kibaya. Huuliza: Kimetoka wapi? Nani alikitoa huko? Tangu siku ile kimepita mikononi mwa nani hata kufika hapa? Majibu ya maswali hayo matatu huitwa asili ya kitu. Kitu chenye asili iliyo wazi chaweza kuaminiwa. Kitu kisicho na asili chaweza kuwa cha kweli, lakini hakuna awezaye kulihakikisha jambo hilo.

Kwa nini iwe hivyo? Tutaeleza kwa habari mbili za nchi hii yetu ya bonde la Semliki, na habari moja ya Ulaya. Kisha tutarudi nyumbani, kwenye buku la ubatizo.

Vipande viwili vya ngozi

Stanley alipopita katika msitu wa Ituri, katika safari yake ya miaka ya 1887 mpaka 1889, alisikia kwamba Wambuti wanamjua mnyama mmoja mfano wa punda, nao humnasa kwa mashimo. Aliandika habari hiyo kwa maneno machache katika kitabu chake cha mwaka wa 1890. Huko Ulaya wengi walishangaa, kwa maana punda hakai katika msitu mnene.

Miaka kumi ikapita. Harry Johnston alikuwa mkuu wa serikali ya Waingereza katika Uganda. Akasikia kwamba Mjerumani mmoja amewachukua Wambuti kadha wa kadha ili awapeleke Paris, watazamwe na watu katika maonyesho makubwa ya mwaka wa 1900. Johnston alilizuia jambo hilo, akawarudisha Wambuti kwao. Katika safari hiyo aliwauliza juu ya yule punda wa msituni, nao wakamweleza: ana mistari, na jina lake ni okapi, ingawa yeye alilisikia kwa matamshi mengine kidogo.

Akafika Mbeni, kituo cha Dola Huru la Kongo karibu na Semliki. Ndiyo Beni ya kale. Maofisa wa Kibelgiji walimwambia kwamba mnyama huyo wanamjua kwa ngozi yake, kwa kuwa askari wenyeji hukata vipande vyake na kuvivaa kama mishipi na kanda. Johnston alipewa vipande viwili. Wenyeji wakampeleka msituni, wakamwonyesha nyayo za okapi. Zilikuwa nyayo za kwato mbili, kama za mbuzi au ng'ombe. Johnston alikwisha kuamini moyoni mwake kwamba anamtafuta mnyama wa jamii ya farasi, na farasi ana ukwato mmoja. Basi akadhani wanamdanganya, akakataa kuzifuata.

Vile vipande viwili vilipelekwa London. Mwishoni mwa mwaka wa 1900 vilionyeshwa kwa wataalamu wa wanyama, na mapema mwaka wa 1901 bwana Sclater akampa mnyama huyo jina katika jamii ya farasi na punda milia. Twaweza kumlaumu? Alikuwa na mistari myeupe na myeusi tu mbele yake. Hakuwa na kichwa wala kwato. Lakini kulikuwa na jambo moja lililoandikwa pamoja na vipande vile: vimetoka Mbeni, katika msitu wa Semliki, na aliyevileta ni Johnston. Jambo hilo moja liliokoa kazi yote. Kwa kuwa mahali palijulikana, mtu aliweza kurudi palepale na kuuliza tena.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa 1901 ofisa mmoja Mswidi, Karl Eriksson, aliyekuwa akitumika katika kituo kilekile cha Mbeni, alimpelekea Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Johnston alipoona kwato zilikuwa mbili, alitambua kwamba wenyeji walisema kweli. Huko London bwana Lankester alichunguza mafuvu, akaona kwamba mnyama huyu si farasi kamwe, ila ni ndugu wa twiga. Akampa jina jipya la Okapia, nalo ndilo jina lake katika vitabu vya elimu hata leo.

Yafaa tuangalie nani alikosea na nani alisema kweli. Wambuti na watu wa Semliki hawakukosea hata mara moja. Walisema mnyama yuko, yuko. Walisema ana mistari, anayo. Walionyesha kwato mbili; ndizo. Aliyekosea ni mgeni aliyefika na jibu lake mfukoni. Tena, kama vile vipande vya ngozi vingeuzwa mkono kwa mkono mpaka pwani, kisha mtu akavipata katika duka la Mombasa au la Zanzibar, angalisema: «Ni ngozi ya punda milia wa ajabu.» Pasingekuwa na njia ya kurudi, na kosa lingekaa siku nyingi.

Mfupa wa Ishango

Tupande sasa mto Semliki, kutoka upande wetu wa msituni kwenda kusini, mpaka pale maji yake yatokapo katika ziwa Eduardi. Mahali hapo paitwa Ishango, ndani ya hifadhi ya Virunga. Mwaka wa 1950 Mbelgiji mmoja mtaalamu wa mawe na udongo, Jean de Heinzelin, alichimba hapo. Alipata mabaki ya watu wa kale waliokaa kando ya ziwa: mifupa ya samaki na wanyama, vichwa vya vyusa vilivyochongwa kwa mfupa, na vitu vingine vingi. Kati ya hivyo kulikuwa na mfupa mdogo wa urefu wa sentimeta kama 10, wenye kipande cha jiwe gumu kilichotiwa mwishoni. Juu yake mtu alikata alama kwa mpango, katika safu tatu. Ukizihesabu, safu mbili zina alama 60 kila moja, na ya tatu ina alama 48.

Mfupa huo umewekwa Brussels, na sifa zake zimeenea duniani pote. Wengine husema ni hesabu ya watu wa kale. Wengine husema ni kalenda ya mwezi. Wengine husema alama zilikatwa ili mkono ushike vizuri. Asili ya kitu haijibu swali hilo. Hatuwezi kujua moyo wa aliyechonga kwa kujua tu mahali alipokaa. Lakini kuna swali jingine ambalo asili yalijibu: Je, mfupa huu ni wa kale kweli, na ni wa kale kiasi gani?

Hapa tufahamu jinsi wachimbaji wafanyavyo kazi. Udongo hukaa tabaka juu ya tabaka, kama nguo zilizokunjwa na kuwekwa sandukuni: iliyo chini iliwekwa kwanza. Mchimbaji wa kweli hachimbi kama mtu atafutaye dhahabu. Huondoa tabaka moja moja, na kila kitu akionacho hukiandika: kilikuwa tabaka gani, na kando yake kulikuwa na nini. Kitu kikiisha kutolewa hakiwezi kurudishwa kilivyokuwa. Shimo huchimbwa mara moja tu. Yasipoandikwa siku hiyo, yamepotea.

De Heinzelin aliandika. Kwanza yeye mwenyewe alikisia kwamba watu wa Ishango waliishi zamani ya miaka elfu kadhaa iliyopita. Hesabu hiyo ilikaa katika vitabu kwa muda mrefu. Lakini katika miaka ya 1980 wataalamu wengine, na kati yao Alison Brooks wa Marekani, walirudi Ishango. Kwa kuwa tabaka lilikuwa limeandikwa, waliweza kulitafuta tena na kupima vitu vyake upya. Wakaona kwamba umri wake ni mkubwa zaidi, yapata miaka 20,000. De Heinzelin alikuwa amekosea hesabu, lakini maandiko yake ndiyo yaliyowawezesha wenzake kumsahihisha. Hiyo ndiyo sifa ya mtu mwaminifu: huacha mlango wazi hata kwa yule atakayekuja kumwambia umekosea.

Fikiri sasa kama mfupa uleule ungeokotwa na mvuvi, akamwuzia mfanya biashara, naye akamwuzia mtalii bila karatasi yoyote. Ungekuwa mfupa uleule, na alama zilezile 168. Lakini nani angeamini? Mtu yeyote mwenye kisu aweza kukata alama katika mfupa. Thamani yake yote imetokana na udongo uliokuwa kando yake, na udongo huo hauko tena. Uko katika maandiko tu.

Hata pale ambapo kila jambo limeandikwa, wataalamu huulizana kwa ukali. Mwaka wa 1995 Brooks na mwenzake John Yellen walitangaza habari ya vyusa vya mfupa vilivyopatikana Katanda, palepale kando ya Semliki, wakasema umri wake ni miaka kama 90,000. Wengine waliuliza: Je, vyusa hivi vilikuwa katika tabaka hilo tangu mwanzo, au viliingia baadaye? Swali hilo si matusi. Ni swali lilelile la mnunuzi wa kakao.

Fuvu la Piltdown

Mtu aweza kusema: «Basi kila kitu chenye habari ya kilipotoka ni cha kweli.» Hapana. Habari yenyewe yaweza kuwa ya uwongo. Tusikie yaliyotokea Uingereza.

Mwaka wa 1912 mwanasheria mmoja, Charles Dawson, alileta London vipande vya fuvu na taya, akasema vimetoka katika shimo la kokoto mahali paitwapo Piltdown. Fuvu lilikuwa kama la mtu, na taya kama la nyani mkubwa. Wakubwa wa elimu wakafurahi sana, wakasema huyu ndiye mtu wa kwanza wa Uingereza. Mwaka wa 1913 hata padri mmoja Mjesuiti, Teilhard de Chardin, aliyekuwa bado kijana katika elimu hiyo, aliokota jino katika kokoto zilezile.

Dawson akafa mwaka wa 1916. Watu wakaendelea kuchimba Piltdown, wala hawakupata tena kitu cha maana. Hapo wangalipaswa kushtuka. Mahali palikuwapo, lakini palitoa ushahidi wakati tu mtu mmoja alipokuwapo. Tena mifupa yenyewe ilifungiwa, na wataalamu wengi walipewa mifano ya plasta waitazame. Louis Leakey wa Kenya alieleza jinsi yeye naye alivyoonyeshwa ile ya asili kwa muda mfupi tu, kisha akaachiwa plasta. Ni mwaka wa 1953 ndipo mifupa ilipopimwa sawasawa. Ikaonekana kwamba taya ni la orangutangu, nyani wa Asia. Meno yalisuguliwa kwa tupa, na mifupa ikatiwa rangi ili ionekane ya kale. Uwongo ulikuwa umekaa miaka 41.

Tofauti ya Piltdown na Mbeni ni nini? Huko Mbeni, mtu wa pili aliporudi alipata zaidi ya mtu wa kwanza, hata akamsahihisha. Huko Piltdown, wa pili aliporudi alikuta kokoto tupu. Basi karatasi yenye jina la mahali haitoshi, hata ikiwa na muhuri. Asili ya kitu ni njia ya kurudi. Ikiwa mtu mwingine, asiye rafiki yako, aweza kuipita njia hiyo na kuona uliyoyaona, hapo ndipo ukweli unapokaa.

Buku la ubatizo

Kanisa limeijua kazi hii tangu zamani. Watu walipoanza kuuza mifupa na kuiita masalio ya watakatifu, Mtaguso wa Trento, mwaka wa 1563, uliamuru kwamba masalio mapya yasipokewe bila askofu kuyachunguza na kuyakubali. Kwa hiyo masalio ya kweli huja na hati yake na muhuri wake. Wala imani haidhuriwi na maswali hayo. Mwinjili Luka mwenyewe, kabla hajaanza habari yake, aeleza kwamba amechunguza mambo tangu mwanzo, kwa kuwafuata wale walioyaona kwa macho.

Sisi makatekista tunaiona kazi hiyo katika buku la ubatizo. Sheria ya Kanisa yataka liandikwe jina la mbatizwa, na la aliyembatiza, na ya wazazi, na ya wasimamizi, na mahali na tarehe. Wako wakristo wanaoona ni maandiko mengi bure. Lakini tazama: hayo ndiyo yale maswali matatu. Wapi? Kwa mkono wa nani? Nani walikuwapo? Tena barua ya ubatizo hutaja parokia na namba, ili padri wa mbali aweze kuandika na kuuliza: «Je, ni kweli?» Hiyo ndiyo njia ya kurudi.

Katika nchi ya amani njia hiyo ni fupi. Kwetu imekatwa mara nyingi. Mwezi wa Oktoba 2012 mapadri watatu wa parokia ya Mbau walitekwa nyara. Tangu 2014 vijiji vizima vimehama, watu wamefika Oicha, Beni na Butembo na nguo walizovaa tu. Kijana akija kutaka ndoa, hana barua, wala mama wa ubatizo hajulikani alikokimbilia, tumfanyeje? Hatuwezi kumwambia hakubatizwa. Wala hatuwezi kuandika tu kwa kuwa ana uso mwema. Kanisa limeonyesha njia: pasipo na maandiko, ushahidi wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka watosha, au kiapo cha mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima. Basi huanza kazi ya kuuliza. Ulibatizwa kapela gani? Katekista alikuwa nani? Ulibatizwa pamoja na nani? Huyo mwenzako yuko wapi sasa? Mara nyingi bibi mmoja mzee, asiyejua kusoma, ndiye anayekumbuka siku na mvua iliyonyesha. Tusimdharau kama Johnston alivyowadharau wale waliomwonyesha nyayo. Yeye ndiye buku lililobaki.

Lakini bibi naye hatakaa milele. Kwa hiyo tunawaombeni wasomaji jambo moja rahisi. Chukueni daftari ya shule, hata yenye kurasa chache. Andikeni humo shamba la baba lilipo, mipaka yake ni mto gani na mti gani, na majirani ni akina nani. Nyuma ya picha ya zamani andikeni majina, mahali na mwaka. Ikiwa mna mkuki wa babu, au ngoma, au msalaba uliotoka kwa wamisionari, andikeni nani aliutoa na nani aliupokea. Andikeni ubatizo wa kila mtoto, na majina ya wasimamizi. Kisha mpeni mtu mwingine nakala, akae nayo mahali pengine, maana nyumba moja huungua mara moja. Nanyi msipojua jambo, acheni nafasi tupu. Msijaze kwa kubahatisha. Nafasi tupu hujazwa kesho na ajuaye, bali uwongo ukiisha kuandikwa kwa wino hugeuka shahidi.

Siku moja amani itarudi, na watu watarudi mashambani. Siku hiyo wawili watasimama mbele ya shamba moja la kakao, kila mmoja akisema ni lake. Mikakao itanyamaza. Na asimame yule aliyeandika, na jirani aliyekuwapo, waseme kweli bila kelele na bila damu.